Bwana Afya na Moshi wa Ndevu

Bwana Afya alikuwa habishi hodi. Alinusa. Alisimama mlangoni pa saluni yangu, mwavuli umening'inia mkononi, akavuta hewa kwa tundu moja la pua, maana la pili lilikuwa limezibwa nusu na chunjua kubwa kama punje ya harage. Akishanusa ndipo alipojua kama ataingia kwa salamu au kwa kufoka. Siku ya kwanza aliingia kwa kufoka.

"Humu ndani ameungua mtu!"

"Hajaungua mtu, Mzee. Ni ndevu."

"Ndevu za nani?"

Sasa mwenye ndevu alikuwa amelala pale pale kitandani, kidevu juu, miwani ya kinga machoni, na alikuwa mwanamke mwenye heshima zake. Unafikiri alijibu? Alivuta kanga polepole mpaka ikamfunika uso wote, akabaki amenyooka kama maiti. Bwana Afya akamtazama, akanitazama, akavua kofia. Mpaka leo sijui kama alivua kwa adabu au alidhani kweli tumefiwa.

Jina lake silitaji, na wala sina hakika watu wangelijua. Hata mkewe alimwita hivyo hivyo: "Bwana Afya, njoo ule." Alikuwa afisa afya wa kata kwa miaka mingi, akastaafu kabla sijafungua saluni, lakini aliyestaafu ni yeye wa kwenye karatasi. Miguu haikupata barua. Kila asubuhi ilimtoa nyumbani, ikampitisha kwenye mabucha akikagua mapanga na magogo, ikampitisha kwa mama ntilie akifunua masufuria ya watu, mwisho ikamleta kwangu Kyela mjini, karibu na soko. Watu walimvumilia kwa sababu alikuwa mkongwe, na kwa sababu mara nyingi, mtu akishaondoka huku akimteta, aligundua sufuria kweli lilikuwa na nzi.

Mimi sikumvumilia. Mimi nilikuwa na cheti.

Nilikwenda Dar kusomea mashine ya leza, nikarudi na cheti chenye picha yangu nimetabasamu, nikakitundika juu ya kitanda. Leza inaunguza unywele mpaka kwenye shina lake ndani ya ngozi. Wanaume walikuja na vipele vya ndevu, wanawake walikuja na ndevu zenyewe, na watu wazima walikuja na majina ya wapenzi wa ujana waliyojichora mikononi. Na chunjua niliunguza pia, ijapokuwa cheti changu hakikusema neno lolote kuhusu chunjua. Nasema kweli, sina sababu ya kujificha sasa.

Kila unywele ukiungua unatoa uzi wa moshi. Moshi si mwingi, lakini chumba nilikuwa nimekifunga kote, kioo na pazia zito, kwa sababu ya kiyoyozi. Kile kiyoyozi ndicho kilikuwa roho yangu. Kwa joto la Kyela, wengine walikuja kuondoa ndevu ambazo hawakuwa nazo, ilimradi walale kidogo kwenye ubaridi.

"Fungua dirisha," alisema Bwana Afya.

"Ubaridi utatoka."

"Na moshi utatoka."

"Mzee, huu moshi hata mbu hafi."

Hapo ndipo alipovuta kiti. Akivuta kiti ujue kuna darasa. "Mwanangu, umeshafika Matema msimu wa kungu?"

"Nimefika."

"Ukiwaona kwa mbali juu ya ziwa, wanaonekanaje?"

"Kama moshi."

"Wakikufikia?"

"Wadudu. Mdomoni, puani, kila mahali."

"Basi na huu wako ni hivyo hivyo. Chunjua ikiungua, si yote imekufa. Nyingine inapanda hewani inatafuta koo la kukaa." Akaninyooshea kidole. "Koo lililo karibu ni lako."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yaani chunjua iruke! Yeye hakucheka. Akataja masharti yake: bomba la kunyonya moshi, na mdomo wa bomba uwe vidole viwili tu kutoka kwenye ngozi, barakoa nene inayobana, glavu mpya kwa kila mtu, kichwa cha mashine kifutwe kwa dawa kabla hakijagusa uso mwingine. "Kila kidevu na taulo lake," alisema. "Na chunjua ni ugonjwa. Peleka hospitali." Hilo la mwisho alilisema kila siku, badala ya kwaheri.

Barakoa nene aliniletea mwenyewe, boksi zima. Niliivaa kidevuni. Rangi ya mdomo ingefutika.

Halafu kulikuwa na makapi. Mfukoni mwa shati lake, mahali ambapo wazee wengine huweka kalamu, alibeba makapi ya mpunga yaliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake tangu akiwa kazini. Akiingia mahali popote, jikoni, darasani, ofisini kwa mtu, anachota kidogo, anarusha juu, anakaa anatazama yanakokwenda. Yakielea kwenda dirishani, pazuri. Yakianguka pale pale, basi mwenye nyumba atakoma. Kwangu yalianguka pale pale, kila siku, kwenye sakafu ya marumaru niliyotoka kuipiga deki. Nilimfagilia miguuni kwa makusudi. Alikuwa anainua mguu mmoja, kisha wa pili, na kuendelea kunifundisha.

Sasa nieleze habari ya Bi Zuhura, maana bila yeye Bwana Afya angebaki mzee wa makapi tu.

Bi Zuhura ni jirani yangu, duka lake la mchele limeshikana ukuta na saluni. Babu zake walikuja kufanya biashara kutoka pwani wakaishia hapa. Ni mama mwenye sauti, mwenye mwili, na mwenye ndevu tatu kidevuni, tatu kwa hesabu yake, mimi niliziona nyingi zaidi. Alikuwa mmoja wa wateja wangu wa mwanzo. Siku yake ya kwanza, nilipomaliza aliinuka, akajitazama kwenye kioo, akafurahi, kisha akanyoosha kiganja.

"Haya, nipe."

"Nikupe nini, Bi Zuhura?"

"Ndevu zangu."

Na hapa msomaji asiyetoka huku anielewe. Kwetu mtu akinyolewa anaondoka na nywele zake. Zinafungwa kwenye karatasi, anatia mkobani, anajua mwenyewe atakapozitupa. Mkristo, Mwislamu, mwalimu, mkulima wa kokoa kutoka Ngana, wote. Ukimuuliza kwa nini, atakuambia haamini mambo hayo. Lakini nywele anachukua. Na mimi kule Dar, siku zote za mafunzo, hakuna aliyeniambia mteja akidai ndevu zake nimjibu nini.

"Zimekwisha," nikasema.

"Zimekwisha zimekwenda wapi?"

"Zimekuwa moshi."

"Na huo moshi umekwenda wapi?"

Bwana Afya alikuwa kwenye benchi. Akafumba macho kwa raha, kama mtu aliyesikia wimbo wake redioni. "Swali zuri hilo," akasema. "Mjibu."

Kisha akajibu yeye. "Dirisha limefungwa. Bomba hakuna. Barakoa iko kidevuni. Ndevu zako, Bi Zuhura, ziko kwenye mapafu ya huyu."

Bi Zuhura alinitazama kifuani kwa muda mrefu. "Yarabi," alisema. Akajitanda kanga yake na kutoka kinyumenyume.

Mji huu mdogo. Kufika jioni kila mtu alijua kwamba Mama Saluni ana ndevu za watu ndani. Nilidhani biashara imekufa. Ewe! Kesho yake watu wakaanza kuniheshimu. Sokoni nilipita mbele ya foleni. Mwanamke niliyegombana naye kwenye kwaya tangu Pasaka alinisalimia kwa kupiga goti. Akaja mkulima mmoja kutoka Talatala, niliyemtoa vipele vya ndevu, amebeba jogoo kwapani, akamweka mezani juu ya vitabu vya mitindo.

"Ugonile, Mama," alinisalimia kwa lugha ya kwetu.

"Nimeamka, ndaga," nikamshukuru. "Jogoo wa nini?"

"Nasikia unazo zangu," alisema kwa sauti ya chini. "Basi tukae vizuri tu."

Nilimpokea. Nitasema uongo nikisema sikufurahi. Bwana Afya alipoona yule jogoo aliuma meno. "Mimi nimewaambia habari ya vijidudu, wao wanakuletea kuku!" Na ndiyo maana bomba la kunyonya sikulitaka tena. Nani anunue bomba la kumwondolea heshima?

Akaamua kunitengenezea mwenyewe. Alikwenda Ipinda kwa rafiki yake mwenye mashine ya kukoboa mpunga, akarudi kwa pikipiki amekumbatia feni kuukuu ya kupepetea. Akaifunga, akaunganisha bomba la plastiki, akatoboa ukuta wangu bila kuniuliza nikiwa nimekwenda mazoezi ya kwaya. Niliporudi alikuwa anarusha makapi, na makapi, naapa, yalikuwa yanaingia kwenye lile bomba moja moja kama watoto wa shule.

"Umeona? Chumba kinapumua!" Alikuwa anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya hapo, na niliona huruma kulifungua lile bomba, nikaliacha. Hata Bi Zuhura, aliposikia kuna bomba, alirudi na kidevu chake.

Makapi yaliingia. Yalitokea wapi, hakuna aliyeangalia, hata yeye.

Mchele wa Kyela hauuzwi kwa macho, unauzwa kwa pua. Mnunuzi anachota, anaupumulia kwenye kiganja, ananusa, ndipo anaongea. Wiki ya tatu wakaja wanunuzi kutoka Mbeya kwa Bi Zuhura. Wa kwanza akanusa, akarudisha. Wa pili akanusa, akamwita wa tatu. Nilisikia mwenyewe kupitia ukutani: "Mama, mchele wako una ndevu."

Bi Zuhura aliingia kwangu na konzi ya mchele mkononi, hakusalimia mtu. "Nusa!" akamwambia Bwana Afya.

Bwana Afya akainamia kile kiganja, akavuta kwa tundu lake moja, akafumba macho. Kazi ni kazi. Hakuweza kusema uongo hata kwa kuokoa roho yake.

"Hizi ni zako," akasema.

Bi Zuhura alikaa chini sakafuni, akapiga mapaja yake. "Yarabi toba! Nimefuturu na ndevu zangu mwenyewe!"

Feni iling'olewa siku hiyo hiyo, tundu likazibwa kwa saruji. Gunia lililokuwa karibu na tundu Bwana Afya alilichukua yeye, akalibeba kwa baiskeli mpaka kwake. "Kosa langu nitalila," alisema, na alikula kweli. Jumapili moja alinialika. Mkewe alipika ule wali kwa samaki aina ya mbasa wa kukaushwa, na wali ulinukia saluni yangu kabisa, nikawa natazama huku na huku nikitafuta kitanda. Yeye alikula kimya, tonge kwa tonge, kama anayetumikia kifungo.

Na unajua tulikula wapi? Jikoni. Jiko lisilo na dirisha, mbasa wamepangwa juu ya moto, moshi mzito mpaka mkewe nilimwona miguu tu. Machozi yalimtiririka Bwana Afya mpaka kwenye ile chunjua yake, na alikuwa ametulia tuli.

"Mzee! Na huu moshi je?"

"Huu ni wa mbasa," alijibu. "Mbasa hana ndevu."

Ndivyo alivyokuwa, na usijaribu kumnyoosha. Aligoma kumpa mtu mkono, lakini msibani alikula sinia moja na watu wanane. Aliwafukuza watu wasiteme mate barabarani, na alipofoka mwenyewe alirusha mate mpaka kwenye kioo changu. Chunjua yake aliiita "mpangaji wangu". Nilimwambia mara ngapi, Mzee, lala hapo dakika mbili nikuondolee? Alikuwa ananikatalia kwa kunionyesha mlango. "Peleka hospitali." Basi kwa nini hakupeleka mwenyewe? "Mimi simpangishi kwa kodi," alisema, "na hajawahi kunisumbua." Hilo lilikuwa jibu.

Sasa sauti yangu.

Mimi ndiye nilikuwa mwanzishaji wa kwaya yetu. Usinione na saluni, ukaona kucha na leza. Kitu pekee ambacho Mungu alinipa bila kusomea ni sauti. Baba yangu alikuwa akinisikia naanzisha wimbo anavua miwani. Mwaka ule sauti ilianza kukwaruza. Nikasema mafua. Nikanywa tangawizi, nikanywa asali, nikaacha maji ya baridi. Mwezi wa pili nikawa naongea kama mtu anayeburuta debe kwenye kokoto. Jumapili moja nilisimama kuanzisha, nikafungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Kwaya nzima ilinisubiri. Nikaketi.

Mji ukatoa maelezo yake kabla ya daktari: ndevu za watu zimemkaba. Yule wa Talatala alikuja kuniomba radhi kwa niaba ya zake.

Mbeya daktari aliniingiza kijibomba chenye taa kooni, akakuta kwenye nyuzi za sauti kumeota kitu kidogo. Akakitoa. Nilipozinduka aliniuliza kazi yangu ni nini, nikaandika kwenye karatasi, kwa sababu niliambiwa nisiongee. Akasoma, akauliza, "Na chunjua huwa unaunguza?" Nikaandika ndiyo. "Unavaa nini?" Sikuandika. Akasema hawezi kuapa kwamba kimetoka huko, lakini kilichoota ni cha ukoo huo huo wa chunjua, na kinaweza kurudi.

Bwana Afya alikuja kunitazama nyumbani. Nilijiandaa kwa darasa. Nilikuwa nimeshalia vya kutosha na nilitaka aanze ili nimfukuze. Hakuvuta hata kiti. Alisimama, mwavuli mkononi, akauliza neno moja tu: "Boksi lile la barakoa, limebaki ngapi?"

Nikamwonyesha kwa vidole: karibu yote.

Akatikisa kichwa. Macho yalikuwa mekundu, na safari hii hapakuwa na mbasa. Aibu niliyoisikia siku ile sijawahi kuisikia mbele ya mchungaji wala mbele ya mama yangu.

Nilipofungua tena saluni, niliagiza mashine halisi ya kunyonya moshi, yenye bomba la kukunjika na filta ndani. Chunjua nikakoma kabisa. Barakoa ikapanda mahali pake, na rangi ya mdomo nikaiacha nyumbani. Tukadhani tumemaliza. Kumbe sasa swali la Bi Zuhura lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa baya zaidi: ndevu za mji mzima ziko pamoja, kwenye filta moja.

"Zimechanganyika?" aliuliza Bi Zuhura. "Zangu na za wanaume?"

Bwana Afya akasema filta ni taka hatari, itolewe kwa glavu, ifungwe mifuko miwili, ikachomwe kwenye tanuru la taka la hospitali. Watu wakasema kwanza tushuhudie. Akakubali, kosa kubwa. Siku ya kuchoma, saa nne asubuhi, walikuja watu kumi na tisa. Na hapa ndipo penye shida, kwa sababu kuja pale ni kukiri kwamba ulikuwa na ndevu.

"Mimi nimemwakilisha jirani," alisema mama wa kwanza.

"Mimi shemeji yangu, yuko safarini."

"Mimi nimetumwa na ukoo."

Wote kumi na tisa walikuwa wawakilishi. Nilikuwa nimewaunguza mmoja mmoja kwa mkono wangu huu, na nilisimama pale nikiwashukuru kwa kuacha shughuli zao kwa ajili ya wengine. Bwana Afya aliwaorodhesha kwa makini: jina la mwakilishi, jina la mwakilishwa. Wengine walibuni mpaka majina ya marehemu. Kisha tanuru likawashwa, bomba likatoa moshi, na watu wote kumi na tisa wakainua macho.

"Sasa," aliuliza yule aliyetumwa na ukoo, "huo unakwenda wapi?"

Bwana Afya alitia mkono mfukoni kutafuta makapi. Nilimshika mkono. Nilijua akirusha pale tutauana.

Aliyetuokoa ni Bi Zuhura. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, amechoka, akasema kwa hasira: "Nyie, kwa nini msininyoe kwanza kwa wembe, mkanipa ndevu zangu kwenye karatasi, halafu hiyo leza yenu ikashughulike na mizizi? Kutakuwa na moshi gani tena?"

Mimi nikatazama chini.

Bwana Afya aligeuka polepole. "Hilo lilikuwepo kwenye mafunzo yako?"

"Lilikuwepo."

"Ukurasa wa ngapi?"

"Wa kwanza," nikasema. Ndiyo, wanyolewe kwanza. Niliruka kwa sababu wanawake waliogopa wembe, wakidhani ndevu zitarudi ngumu, na mimi sikutaka kubishana na wateja. Miezi yote ile, jogoo, mchele, filta, na dawa ilikuwa wembe mpya na kipande cha karatasi. Bwana Afya alifungua mwavuli ingawa hapakuwa na mvua wala jua kali, akaondoka chini yake peke yake. Hakuja saluni wiki nzima.

Mara ya mwisho kuketi naye sawasawa ilikuwa mwaka jana, mavuno ya mpunga yakiwa yamepamba moto. Alikuwa amekonda, anatembea na mwavuli kama fimbo. Alinusa mlangoni, akaingia moja kwa moja chumba cha nyuma akalala kitandani na viatu.

"Mwondoe mpangaji," alisema.

"Nini?"

"Jubilei ya ndoa, wiki ijayo. Mama anataka picha. Anasema miaka hamsini amekuwa akipigwa picha na chunjua."

Nilitazama mashine. Nilimtazama yeye, amefumba macho, ameweka kofia kifuani. Ningeweza. Bomba lilikuwepo, barakoa ilikuwepo, dakika mbili tu. Na jinsi nilivyompenda yule mzee, mkono ulikuwa umeshakwenda kwenye swichi.

"Chunjua ni ugonjwa, Mzee," nikasema. Sauti yangu tangu Mbeya ilikuwa ya chini, ya kunong'ona hivi. Daktari alisharuhusu niimbe, lakini nilikuwa sijathubutu, na kwaya walishampa mwingine nafasi yangu. "Peleka hospitali."

Alifungua jicho moja. "Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Nimetoka nyumbani kwa miguu."

"Nitakuitia bodaboda. Lakini mimi sikuunguzi."

Alikasirika, kweli kabisa. Aliinuka akatafuta kofia iliyokuwa mkononi mwake, akafika mlangoni, akasimama. Akatia mkono mfukoni, akatoa kile kigazeti. Nikasema haya, sakafu yangu hiyo. Lakini hakurusha juu. Alimimina yote kwenye kiganja, akanirudia, akakiweka kiganja mbele ya mdomo wangu, karibu, vidole viwili.

"Imba."

"Baba, siwezi."

"Sijakuuliza. Imba."

Nikavuta pumzi. Ikatoka kukwaruza tu, na makapi hayakutikisika. Mkono wake haukushuka. Bi Zuhura alikuwa ameshasimama mlangoni, maana huyo hakosi jambo. Nikavuta tena. Nikaanza ule wimbo niliokuwa nikimwanzishia baba yangu, chini kabisa, mstari wa kwanza, na sauti ikapasuka katikati, ikajikusanya, ikatoka. Ikatoka, jamani. Makapi yakanyanyuka kutoka kwenye kile kiganja yote kwa pamoja, yakamwingia usoni, kwenye kofia, kwenye nyusi, mengine yakanata kwenye chunjua.

Nilimaliza ubeti mzima. Bwana Afya alifuta macho, akasema ni makapi.

"Ndaga fijo, mwanangu," alisema. "Chumba kinapumua."

Akaenda zake na mpangaji wake. Picha ya jubilei ninayo, wako watatu. Sakafu yangu siku ile ilijaa makapi kutoka mlangoni mpaka kitandani, na wateja waliingia wakayakanyaga mpaka jioni, kwa sababu ufagio sikuushika.